Plagi Iliyoachwa Ndani

Kabla watu hawajaanza kumwita Bi Vipande, alikuwa mhandisi tu kama wengine, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na kazi yake ilikuwa kutafuta nyaya. Si kufunga nyaya, kutafuta. Katika shirika lao la umeme, kila kituo cha kupozea umeme kilikuwa na makabati yake ya kinga, na kila kabati lilikuwa limefungwa na fundi aliyeamka na mawazo yake siku hiyo. Waya mwekundu hapa ulikuwa wa betri, kule ulikuwa wa kengele. Mchoro ulisema hivi, kabati likasema vile. Wakati mmoja alikaa siku tatu kwa magoti nyuma ya kabati moja akifuatilia waya mmoja, na alipoufikia mwisho wake akakuta haukufungwa popote. Ulikuwa umekatwa na kukunjwa ndani kama mkia wa panya.

Siku ile alirudi nyumbani haongei na mtu. Hasira ile ndiyo iliyozaa vipande.

Ilimchukua miaka sita. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi, hata mama yake alilielewa wakiwa wanakunja nguo. Badala ya kujenga kinga ya kila kituo upya, kama mtu anayefinyanga kila tofali kwa umbo lake, unatengeneza vipande vya aina chache vinavyofanana: kipande cha laini, kipande cha transfoma, kipande cha mawasiliano na ofisi kuu. Kila kipande kina rilei yake, yaani kile kifaa kinachopima umeme muda wote na kuiamuru swichi kubwa ifunguke, umeme ukatike, pakitokea hatari. Nyaya zinaingia mahali pale pale, mchoro ni ule ule, majaribio ni yale yale. Kikiharibika, unakichomoa, unaweka kingine, unakipima pale pale kilipofungwa, unaondoka. Fundi aliyejifunza kituo kimoja amejifunza vyote.

Mbele ya kila kipande aliweka tundu la plagi ya majaribio. Fundi akitaka kuipima rilei bila kuuzima mji, anachomeka plagi hiyo, na kipande kinatengwa na swichi kubwa. Rilei inaendelea kuona na kuamuru, lakini amri zake hazifiki popote. Zamani kazi hiyo ilitaka ufungue skrubu kumi na mbili na uandike kila moja. Sasa ilikuwa sekunde mbili.

Mtu wa kwanza kuitilia shaka plagi ile hakuwa mhandisi. Alikuwa fundi laini mmoja, mtu wa miaka thelathini juu ya nguzo, aliyeitwa Koleo kwa sababu koleo lake halikumtoka mfukoni, na mkewe aliapa kwamba alikuwa nalo hata siku ya harusi. Aliingia karakana kuchukua kamba, akasimama kutazama.

"Dada," akasema, "na mtu akiichomeka akaisahau?"

"Inawaka taa ya njano, kaka. Na kipande chenyewe kinaandika saa ya kuchomekwa na saa ya kuchomolewa."

"Taa inamfaa anayeitazama," akasema Koleo, akabeba kamba yake akaenda zake.

Bi Vipande alicheka. Koleo alikuwa na tabia ya kutilia shaka kila kitu kipya.

Kazi ilipoanza kusifiwa, ndipo alipotokea Naibu Mkurugenzi. Huyu wafanyakazi walimwita Bwana Kasi, kwa sababu hakuna hotuba yake iliyopita bila neno hilo: kwa kasi, kwa kasi zaidi, kasi tunayoitaka. Miaka sita hakukanyaga karakana. Mwaka wa saba akaanza kusema "mkakati wangu wa vipande" mbele ya wageni, huku Bi Vipande amekaa mstari wa tatu akipewa tabasamu la kilemba cha ukoka. Hilo alilimeza. Alijiambia kwamba mradi kazi inafanyika, jina si kitu.

Kituo cha kwanza kufungiwa vipande kilikuwa kile cha upande wa viwanda vidogo. Mwangalizi wa zamu pale alikuwa mdogo wake mwenyewe, kitinda mimba wa mama yao, mwanamume wa miaka ishirini na tisa, mpole kupita kiasi, wa wale wanaosema "sawa mkubwa" kabla mkubwa hajamaliza sentensi. Dada yake hakumwingiza kazini. Alifanya mtihani akafaulu. Lakini watu walisema walivyotaka.

Wiki ya uzinduzi wa kituo hicho, laini yake namba tatu ilikatika mara mbili. Matawi yalikuwa yakiigusa mtaa mmoja kabla ya barabara kuu, na kila yalipoigusa, kinga ilifanya kazi yake na swichi ikafunguka. Koleo aliomba ruhusa ya kwenda kuyakata. Akajibiwa asubiri uzinduzi upite, kwa sababu gari la ngazi na matawi barabarani vingeharibu mandhari mgeni rasmi akipita.

Uzinduzi ukafanyika. Mahema, viti vya kitambaa cheupe, utepe. Mgeni akasema, watu wakapiga makofi, feni zikazunguka, kipaza sauti hakikukwama hata mara moja. Bi Vipande aliondoka pale na furaha yake, na kesho yake akapanda gari kwenda kituo cha pili, mwendo wa saa tano.

Wiki tatu baadaye, mchana wenye upepo, tawi likavunjika.

Waya wa laini namba tatu ulikatika, ukaangukia uzio wa nyaya nyuma ya nyumba za kupanga. Kinga ikiwa hai, jambo kama hilo huisha kabla mtu hajamaliza kugeuka. Swichi inafunguka, waya unabaki umelala kama kamba ya kuanikia. Siku hiyo waya haukulala. Uliruka na kutoa cheche, na mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo upande wa pili wa uzio akaangukia ukutani, mahali asipoweza kutoka bila kuugusa uzio. Kila alipojaribu kusimama, cheche zilimrudisha chini. Alikuwa akipiga kelele.

Koleo na kikosi chake walikuwa mtaa wa pili, hatimaye wamepewa ruhusa ya kukata matawi. Alifika mbio. Akaita kituoni kwa redio.

"Zima laini namba tatu! Kuna mtu hapa!"

Kituoni, mdogo wake Bi Vipande alibonyeza kitufe cha kufungua swichi. Haikufunguka. Akabonyeza tena. Kitufe nacho kilipitisha amri yake kwenye kipande cha laini hiyo. Alibonyeza mara sita, akapiga simu ofisi kuu ya udhibiti, akaulizwa sababu, akaulizwa jina, akaambiwa asubiri. Naye akamwambia Koleo kwenye redio, "Subiri, kaka. Subiri kidogo."

Koleo alisubiri dakika tatu kwa saa ya mkononi. Wenzake walishuhudia hivyo baadaye, wote wanne. Dakika ya nne uzio ulianza kuwa mwekundu, na kelele za yule mwanamke zikawa ndogo. Koleo akachukua mti mrefu mkavu wa kukatia matawi, akaenda.

Aliusukuma waya. Mwanamke akatambaa akatoka. Kisha waya ukajikunja ukarudi, ukampiga mkono wa kulia.

Umeme ulikatika dakika ya kumi na moja.

* * *

Bi Vipande alimkuta Koleo hospitali, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Mkono wa kulia ulikuwa umekatwa chini ya kiwiko. Shingo na kifua vimefungwa bandeji. Mkewe alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kwa sababu kiti kimoja cha wodi kilikuwa kimechukuliwa.

"Karibu, wifi," akasema mke wa Koleo, akanyanyuka ili mgeni akae juu ya ndoo. Bi Vipande alikataa. Wakasimama wote wawili.

"Yule mama mzima?" Koleo akauliza. Ilikuwa mara ya tano anauliza tangu asubuhi, mkewe alisema.

"Mzima, kaka. Ameungua miguu, lakini yuko nyumbani."

"Haya."

Kisha mke wa Koleo akatoa bahasha kutoka ndani ya mkoba. Ilikuwa imeletwa na dereva wa shirika asubuhi ile. Bi Vipande alisoma amesimama. *Taarifa ya awali inaonyesha kuwa mfanyakazi alikaribia waya ulio hai bila kungoja uthibitisho wa kukatwa umeme, kinyume na kanuni. Ajali imesababishwa na uzembe wa mfanyakazi. Kuhusu kuchelewa kwa kinga, hali hiyo ni ya kawaida pale ardhi inapokuwa kavu.*

Alisoma mara mbili.

"Ardhi kavu," akasema. "Waya uliangukia uzio wa chuma. Ardhi kavu imeingiaje hapa?"

"Sisi tutajuaje, wifi?" mke wa Koleo akasema. Hakuwa na ukali. Hilo ndilo lililomchoma zaidi Bi Vipande. "Wameandika uzembe. Majirani wameshasikia. Jana mtu amekuja kunipa pole, akaniambia, basi mumeo naye angesubiri."

Koleo alitazama dari. "Nilisubiri," akasema. "Dakika tatu nilisubiri. Waandike na hilo."

Bi Vipande alitoka wodini bila kuaga vizuri. Hakurudi ofisini. Alikwenda moja kwa moja kituoni.

Chumba cha udhibiti kilikuwa kama alivyokiacha siku ya uzinduzi, isipokuwa kitu kimoja. Kwenye uso wa kipande cha laini namba tatu mtu alikuwa amebandika stika ya ukumbusho: picha ya nembo ya shirika, tarehe, na maneno *Kasi Mpya, Mwanga Mpya*. Alipoinama kuitazama karibu, akaona kwamba imebandikwa juu ya taa ya njano. Si kando yake. Juu yake kabisa.

Aliunga kompyuta yake kwenye kipande. Mdogo wake alikuwa mezani akiandika vipimo vya saa, mgongo umemgeukia, na mgongo ule ulikuwa umekaza.

Kumbukumbu zikafunguka. *Plagi ya majaribio imechomekwa: tarehe ya uzinduzi, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi. Plagi ya majaribio imechomolewa: tarehe ya ajali, saa nane na dakika ishirini na sita mchana.* Na hapo hapo, sekunde ile ile: *amri ya kukata imetolewa. Swichi imefunguka.* Kati ya mistari hiyo, kwa dakika kumi na moja, rilei ilikuwa imetoa amri ile ile mamia ya mara. Kata. Kata. Kata. Ukurasa baada ya ukurasa.

Akanakili kila kitu, mara mbili, sehemu mbili tofauti.

"Geuka unitazame," akasema.

Mdogo wake akageuka. Macho yalikuwa yameshavimba.

"Nani alichomeka plagi?"

"Mimi, dada."

"Na aliyekutuma?"

"Naibu alipiga simu. Yuko kwenye hema. Akasema, mgeni anapanda jukwaani sasa hivi, laini namba tatu isikatike. Nikamwambia, mkubwa, kinga ikiona hatari itakata tu. Akasema, 'Dada yako hakuweka njia ya kuizuia? Itumie.' Akakata simu."

"Ukaitumia."

"Nikaitumia."

"Na mgeni alipoondoka?"

"Zamu ikabadilika, watu walikuwa wengi, soda, picha. Nikadhani nimeichomoa. Kesho yake wakaja kubandika stika. Sikuiona taa tena, dada. Haki ya Mungu sikuiona."

"Wiki tatu! Plagi nyekundu kama nyanya, iko hatua nne kutoka kwenye kiti chako, wiki tatu! Na mtu anakuita kwenye redio unamwambia subiri kidogo? Subiri nini?"

"Nilibabaika. Nilipoiona, nikaichomoa pale pale."

"Dakika ya kumi na moja."

"Ndiyo."

"Kisha ukanyamaza. Umesoma walichoandika juu ya Koleo?"

Alikuwa amekisoma.

Hakuna kofi ambalo dada huyu angelipiga lingeuma kama alivyomtazama. Akaibandua stika kwa kucha, vipande vipande, akavitia kwenye mfuko wa koti.

* * *

Jioni ile, jua bado halijazama, mama yao alikuwa barazani na kikapu cha nguo. Alisikiliza habari yote mpaka mwisho bila kukatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mdogo wako ana watoto wawili," akasema mwishowe. "Damu nzito kuliko maji, mwanangu."

"Na Koleo ana mkono mmoja, mama."

"Wewe ukisema, nani ataanguka? Yule mkubwa? Aliye juu hata akianguka anaangukia kwenye kochi. Atakayeangukia mawe ni huyu wangu."

"Najua."

"Na wewe mwenyewe? Si ndiye uliyeitengeneza hiyo plagi?"

Jambo hilo ndilo lililokuwa likimtafuna Bi Vipande tangu mchana. Alikuwa ameifanya hatari iwe rahisi. Skrubu kumi na mbili zilimlazimisha mtu afikiri mara kumi na mbili, na yeye akazipunguza zikawa sekunde mbili, akaamini taa.

"Ni mimi," akasema. "Nitalisema na hilo."

Mama yake alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Basi kaseme," akasema. "Ila usimsemee. Mpeleke aende kwa miguu yake, aseme kwa kinywa chake. Nikisikia umemsemea, nitakasirika na wote wawili."

* * *

Naibu Mkurugenzi alimwita siku ya pili. Ofisi ilikuwa na zulia jipya na picha ya uzinduzi kwenye fremu, yeye akishika mkasi wa utepe. Alimkaribisha kwa majina ya mapenzi, mhandisi wetu, fahari yetu, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwa dakika nzima. Kisha akasogeza karatasi.

"Taarifa kamili. Panahitajika saini ya mhandisi wa kinga. Ukurasa wa mwisho."

Aliufungua ukurasa wa mwisho. Ardhi kavu ilikuwepo. Uzembe ulikuwepo.

"Sisaini hii."

"Kuna tatizo gani?"

"Plagi ilikuwa ndani. Tangu siku ya uzinduzi, saa nne na dakika kumi na nne."

Bwana Kasi hakushtuka. Alisogeza kalamu yake ikae sawa na ukingo wa meza. "Mitambo ina kumbukumbu nyingi," akasema. "Nyingine si sahihi. Bahati nzuri Ijumaa tunabadilisha programu ya vipande vyote. Vitaanza upya, safi." Akainua macho. "Na nikikumbuka vizuri, mwangalizi wa zamu siku ile ni ndugu yako. Wewe ni mtu mzima. Unajua hadithi kama hizi zikianza, zinafika mpaka nyumbani. Funika kombe mwanaharamu apite."

Bi Vipande alisimama.

"Mtu ameungua, bosi. Nyama ya mtu imeungua, kwa sababu ulitaka feni zizunguke wakati wa hotuba. Ukampigia mwangalizi, mtu asiyejua kukukatalia, ukamwambia aizime kinga ya watu. Kisha ukamwandikia Koleo uzembe, bandeji haijakauka. Uzembe! Yule alimtoa mwanamke kwenye moto wako!"

"Punguza sauti."

"Kombe hilo halifunikiki. Nimeshanakili."

Alitoka. Katibu muhtasi nje ya mlango alikuwa ameacha kuchapa, mikono iko juu ya vitufe, mdomo wazi.

Kamati ya uchunguzi ilikaa Alhamisi, siku moja kabla ya kubadilisha programu, kwa sababu Bi Vipande alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wake na kumwekea nakala za kumbukumbu mezani. Mwenyekiti alikuwa mhandisi mstaafu, mzee mwenye sauti ndogo aliyeandika kila kitu kwa penseli. Watu watano mezani, birika la maji, kiyoyozi kinachonguruma.

Bi Vipande alianza na lake. Alisema plagi ni yake, na kwamba aliibuni kwa ajili ya fundi mwangalifu, akasahau kwamba kazini kuna na watu wengine. "Nilionywa," akasema. "Nilionywa na huyu huyu mnayemwita mzembe. Nikacheka." Ndipo akaonyesha kumbukumbu.

Kisha mlango ukafunguliwa, mdogo wake akaingia. Alikuwa amevaa shati la kanisani, vifungo vyote mpaka shingoni. Alieleza simu, plagi, stika, kitufe mara sita, na ukimya wake. Hakujitetea hata neno. Mwisho akasema, "Kaka Koleo aliniamini kwenye redio. Nilimwambia asubiri, na mimi ndiye niliyekuwa nimemzuilia umeme usikatwe."

Naibu akasafisha koo. "Mwenyekiti, nilisema isikatike. Hilo sikatai, ulikuwa uzinduzi. Lakini neno plagi halikutoka kinywani mwangu."

Mwenyekiti aliweka penseli chini. "Kwa hiyo wewe ulitaka isikatike kwa njia gani?"

Kiyoyozi kikanguruma.

"Nauliza kweli," mzee akasema. "Kinga ina kazi moja, kukata. Ulipomwagiza isikate kwa sababu yoyote, ulidhani angefanya nini? Angeiomba?"

Mmoja wa wajumbe alitaka kucheka akajizuia. Bwana Kasi alimimina maji, akanywa, akamimina tena.

Mwisho wake haukuwa kama unavyopaswa kuwa, na sina sababu ya kuupamba. Mdogo wake Bi Vipande alisimamishwa kazi miezi mitatu, akahamishiwa stoo ya mita. Alipokea bila kulalamika, na siku ya kwanza ya kusimamishwa alikwenda nyumbani kwa Koleo, akakaa kizingitini mpaka alipokaribishwa. Naibu alipewa barua ya onyo, kisha akahamishiwa idara ya mipango, ofisi kubwa zaidi ghorofa ya juu. Mama alikuwa amebashiri kochi, na kochi lilikuwepo. Wafanyakazi walipoona fundi anabandika jina lake kwenye mlango mpya, mmoja alitema mate kwenye ua la chungu. Naye akaandikiwa onyo.

Plagi ilibadilishwa. Bi Vipande alikataa kufunga kipande kingine chochote mpaka ile mpya ipite majaribio: haichomeki bila funguo mbili za watu wawili, na ikiwa ndani, kengele inalia ofisi kuu ya udhibiti kila baada ya dakika kumi, na hakuna stika inayoweza kuziba kengele. Walimwambia anachelewesha ratiba. Aliwajibu kwamba ratiba ni karatasi.

Kisha ikaja barua ya Koleo. Alikuwa ametoka hospitali, anajifunza kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto, anatukana kila kifungo kwa jina lake. Alimwita Bi Vipande nyumbani, akamwonyesha.

*Baada ya uchunguzi, shirika limeamua kukusamehe kosa la kukaribia waya ulio hai.*

"Nisomee tena," Koleo akasema. "Pengine mimi ndiye sijui kusoma."

Bi Vipande alisoma tena.

"Kunisamehe," Koleo akasema. Sauti yake ilianza chini ikapanda mpaka mkewe akatoka jikoni. "Kunisamehe nini? Mimi nimewakosea nini? Wao ndio wangekuja hapa kupiga magoti, wananisamehe! Dada, mkono niliupoteza nikanyamaza. Hili sinyamazi!"

"Nipe hiyo barua, kaka," akasema Bi Vipande.

Alifika ofisi ya utumishi kabla ya chakula cha mchana. Afisa utumishi alikuwa mtu mpole, mwenye mafua, asiyependa ugomvi. Alisikiliza, akapenga, akasema anaelewa, lakini kuna utaratibu.

"Barua za nidhamu tunazo za aina tatu tu, mhandisi. Ya onyo, ya msamaha, na ya kuachishwa kazi. Tumempa iliyo nzuri kuliko zote."

"Basi tengenezeni ya nne."

"Itasemaje?"

"Itasema hakukosea."

"Hatujawahi kuandika hivyo."

"Najua hamjawahi. Ndiyo maana nimekaa." Na kweli alivuta kiti akakaa, mkoba mapajani, miwani shingoni. Watu waliingia na kutoka. Afisa alikwenda kula akarudi, akamkuta pale pale. Alipiga simu juu, akaongea akiwa amegeukia ukuta, akapiga nyingine. Saa tisa na nusu akamwita katibu muhtasi, yule yule aliyekuwa nje ya mlango wa Naibu.

"Chapa," akasema kwa uchovu. "Shirika linathibitisha kuwa mfanyakazi huyu hakutenda kosa lolote..."

"Ongeza kwamba alisubiri dakika tatu," Bi Vipande akasema.

Katibu hakumngoja afisa aitikie. Alishaanza kuchapa.

Jioni, nyumbani kwake, Koleo aliisoma barua mpya, midomo ikicheza. Hakutabasamu. Alimpa mkewe. Mkewe aliisoma yote, akaikunja mara moja tu, akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" Koleo akauliza.

"Kuwasomea majirani," akasema, akatoka, akaanza na nyumba ya yule aliyemwambia mumewe angesubiri.